Kwa nini majirani wananyamaza mdogo wako akivaa ile bluu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nakuru, nimelifupisha kidogo: "Mdogo wangu alimaliza chuo cha polisi cha Kiganjo akapangiwa kituo si mbali na nyumbani. Akiwa na jinzi na tisheti majirani wanapiga stori naye hadi usiku. Akivaa tu ile yunifomu ya bluu, wale wale wananyamaza, wengine wanavuka barabara. Na yeye ni yule yule. Je, shida ni rangi? Wakibadilisha sare tena watu watabadilika? Na yeye afanye nini?"

Dadangu, kwanza pole, na mwambie mdogo wako hayuko peke yake. Hapa ninapokaa jirani yangu wa mlango wa pili ni afande, mwanamke, mtu wa utani sana. Jioni akitoka na dera na malapa kwenda kwa mama mboga wanabishana bei ya nyanya mpaka wanachekana, mama mboga anamwambia wewe unapenda vya bure sana, lete ishirini yangu hapa. Sasa asubuhi mtu huyo huyo akipita pale ametoka zamu ya usiku, sare mwilini, kofia kichwani, anataka nyanya zile zile, mama mboga hataji bei. Anasema "chukua tu afande, utalipa baadaye." Nimeliona hilo kwa macho yangu si mara moja. Jirani yangu anaweka pesa juu ya meza karibu kwa ugomvi, na mama mboga anaziangalia zile pesa kama zina mtego ndani.

Mimi nimefundisha saikolojia miaka mingi na nimekaa darasani na maafisa wa polisi wa vyeo mbalimbali, na hilo la mama mboga ndilo swali lao pia, ila wao huwa wanaliuliza kwa hasira. Jibu langu kabla sijaanza kuzunguka ni kwamba rangi ni kitu kidogo. Mdogo wako akiwa na jinzi ni mtoto wa fulani, watu wanajua alisoma shule gani na alivunja dirisha la nani akiwa mtundu. Akivaa sare lile jina lake linaenda likizo, anabaki "polisi", na polisi ni jina lenye madeni mengi. Ndani yake yumo yule aliyewasimamisha mwaka juzi akataka kitu kidogo, yumo yule aliyekataa kuandika ripoti mpaka atolewe pesa ya karatasi, yumo pia yule mmoja aliyesaidia kusukuma gari usiku wa manane, ila huyo watu huwa hawamkumbuki haraka. Majirani hawamwogopi mdogo wako. Wanamwogopa huyo mtu wa jumla ambaye siku hiyo ameazima mwili wa mdogo wako.

Na Kiswahili chenyewe kinaijua hii kitu tangu zamani. Mpelelezi anayetembea bila sare tunamwita askari kanzu, yaani tumempa jina la nguo anayojifichia! Nairobi kule kuna kanjo, askari wa jiji, ambao wamezoea kukamata wachuuzi wakiwa wamevaa kiraia, ndio maana mchuuzi wa Nairobi ana macho hadi kisogoni, manake hajui huyu anayeshikashika soksi ni mteja au ndiye anayekuja kubeba gunia lote. Halafu nenda Tanzania uone trafiki wao, weupe kuanzia shati mpaka suruali, unamwona ukiwa mbali sana, madereva wanapigiana taa, kila mtu anafunga mkanda na kupunguza mwendo. Watu wanamlalamikia trafiki kila siku kwa mambo mengine, lakini hakuna anayesema sikumjua ni nani. Hiyo tofauti kati ya askari unayemwona na askari usiyemjua ndiyo nitaizungukia hapa chini, manake naona ndiyo inayobeba mzigo, rangi inafuata nyuma.

Kwanza nguvu ya nguo yenyewe, tusiidharau. Kuna mtu anaitwa Leonard Bickman, Mmarekani, alichapisha jaribio lake mwaka 1974, alilifanya barabarani huko Brooklyn, New York. Vijana wake walivaa nguo za aina tatu, mmoja kiraia, koti na tai, mwingine kama muuza maziwa, mwingine kama mlinzi, sare inayofanana na ya polisi lakini bila bunduki. Kila mmoja alisimamisha wapita njia na kuwaamuru vitu vya ajabu, okota huo mfuko wa karatasi, au mpe yule bwana senti kumi za mita ya kuegesha gari, hana chenji. Yule wa sare ya mlinzi alitiiwa kuliko wenzake wote, na hata alipotoa amri kisha akaondoka zake bila kusubiri kuona, watu bado walitoa senti. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba watu walipoulizwa pembeni wakisie matokeo walisema nguo haitaleta tofauti kubwa. Yaani sote tunatii sare na sote tunaapa hatuitii. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema mimi siwezi kubabaishwa na nguo huwa nanyamaza tu.

Lakini kutiiwa si kupendwa, wala si kuaminiwa, na hapo ndipo maafisa wengi wanapochanganya. Mama mboga alimtii jirani yangu kabla hata hajaamriwa kitu.

Sasa turudi nyuma kidogo. London mwaka 1829, Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, anaanzisha Metropolitan Police, polisi wa jiji hilo, na watu wa mji hawataki hata kusikia, wanadhani serikali inaleta majasusi kama wa Ufaransa au inaingiza jeshi mitaani kwa mlango wa nyuma. Basi wakavishwa koti la bluu lenye mkia na kofia ndefu ya silinda kama bwana yeyote wa mjini, makusudi wasifanane na wanajeshi ambao koti lao lilikuwa jekundu. Na kwenye kola wakaandikiwa herufi na namba, ili ukionewa ujue unamshtaki nani. Walitakiwa kuvaa sare hata wakiwa hawako kazini mtu asije akasema wananyemelea watu, na ili ujue nani yuko zamu wakafungwa kitambaa cha mistari mkononi. Kwa hiyo ile bluu ambayo leo tunaiona ya kutisha ilichaguliwa kuwa rangi ya kupoza watu. Namba ya kola ndiyo ilikuwa kitu kikubwa. Ilikuwa inasema, mimi nina mamlaka juu yako lakini na wewe una pa kunishika.

Huku kwetu hatukuletewa huyo. Kwenye makoloni Waingereza walipenda zaidi mfano wa polisi wao wa Ireland, askari wa kukaa kambini, mwenye bunduki, kazi yake kuilinda serikali dhidi ya wenye nchi. Polisi wa Kenya chimbuko lake ni walinzi wa bohari za ile kampuni ya Imperial British East Africa pale Mombasa miaka ya 1880 mwishoni, yaani kabla ya kulinda mtu walilinda mzigo. Kaki, kaptula, gwaride, nyumba za laini mbali na raia. Hiyo ni miaka mingi ya watu kujifunza kwamba mwenye sare anakaa upande ule na sisi tunakaa upande huu, halafu mtu aje leo aseme shida ni rangi.

Na tulishajaribu rangi, unakumbuka. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mageuzi ya polisi, sehemu kubwa ya polisi wa utawala, wale wa AP, ikaunganishwa na polisi wa kawaida, maafisa wakaambiwa wataanza kutoka kwenye laini wapange nyumba mitaani kama watu wengine, na sare mpya ikaonyeshwa, bluu iliyokolea ambayo wenyewe waliiita Persian blue, badala ya ile shati ya samawati na suruali ya bluu nzito tuliyoizoea. Mambo makubwa matatu siku moja, na wananchi tulishika moja tu, nguo! Haikupita muda simu zote zimejaa vichekesho, mara wanafanana na wahudumu wa petroli, mara mabawabu wa supamaketi. Polisi wengi iliwauma sana, nilikuwa na mmoja darasani akasema kwa uchungu, mwalimu, nikisimamisha matatu makanga ananiambia nimwekee mafuta ya elfu moja.

Mimi nilimwambia asubiri. Nguo mpya haina deni wala akiba. Watu walicheka kwa sababu ile bluu ilikuwa bado haijawafanya kitu, hakuna aliyepigwa na mtu wa bluu hiyo, hakuna aliyeokolewa naye, ilikuwa kitambaa tu. Sare inajazwa na matendo polepole kama mtungi chini ya bomba linalodondoka. Nikajua imeshajaa siku niliposikia mama mmoja kwenye ploti yetu anamtisha mtoto, nyamaza, wale wa bluu wanakuja. Na kufikia Juni 2024 wakati wa maandamano ya mswada wa fedha sikusikia tena mtu akitania habari ya petroli.

Nisiseme rangi haina kazi kabisa, nitakuwa nadanganya. Mark Frank na Thomas Gilovich walichapisha utafiti mwaka 1988 kuhusu timu za Marekani, mpira wao ule wa kushika mkononi na kuangushana na mchezo wa magongo kwenye barafu, wakaona timu zenye jezi nyeusi zinaadhibiwa kuliko wenzao, na kuna timu za magongo kama Pittsburgh Penguins zilizohamia jezi nyeusi katikati ya mambo na adhabu zikapanda. Wakaenda mbali, wakawaonyesha watu rafu ile ile kwenye video, jezi nyeusi na jezi nyeupe, na wale wa nyeusi wakaonekana wakorofi zaidi. Lakini pia waliovaa nyeusi wenyewe walichagua michezo ya kibabe zaidi. Hapo ndipo pananigusa kwa upande wa polisi, manake tunaongea sana nguo inavyowafanya watu wamwone afisa na tunasahau inavyomfanya yeye ajione. Mpe kijana wa miaka 22 kofia ya chuma, ngao, buti refu na miwani nyeusi, halafu umwambie aende akaongee vizuri na wanafunzi.

Kuna mji mdogo California unaitwa Menlo Park, mkuu wao wa polisi Victor Cizanckas aliwavua kabisa polisi wake sare mwaka 1969. Akawavalisha bleza ya kijani, shati jeupe, tai, suruali nyeusi, bastola imefichwa ndani ya koti, ukimwona utadhani ni karani wa benki. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, mashambulizi dhidi ya polisi yakapungua, raia walioumizwa wakapungua, wageni kutoka miji mingine wakaja kuangalia. Baada ya miaka kadhaa mashambulizi yakaanza kupanda tena, na mwaka 1977 wakarudi kwenye sare ya kawaida. Wapo wanaosimulia hii hadithi nusu ya kwanza tu, na wapo wanaosimulia nusu ya pili tu, inategemea anataka kukuuzia nini. Wasichokisimulia wote ni kwamba kipindi hicho hicho Cizanckas alibadilisha mengine pia, aliajiri waliosoma zaidi, alipunguza mambo ya vyeo na amri za kijeshi. Sasa bleza ndiyo ilifanya kazi au ni hao watu ndani ya bleza? Mimi naona bleza ilikuwa tangazo, na tangazo linafanya kazi mpaka watu walizoee.

Linganisha na Ireland ya Kaskazini. Kule polisi walioitwa Royal Ulster Constabulary walikuwa hawaaminiki kabisa kwa Wakatoliki wengi, na baada ya makubaliano ya amani ikaundwa tume ya mwanasiasa wa Uingereza, Chris Patten, ikatoa ripoti 1999. Tarehe 4 Novemba 2001 jina likabadilika, ikawa Police Service of Northern Ireland. Unajua rangi ya sare? Kijani iliachwa kijani. Walichogusa zaidi ni jina na beji, beji mpya ikawekwa alama sita pamoja, kinubi, taji, shamroki ambalo ni jani la Waireland, mizani, mwenge na tawi la majani, ili kila upande ujione pale kifuani pa polisi na hakuna upande ulioachwa. Halafu kilichokuwa kizito kuliko beji, wakaweka sheria ya kuajiri nusu kwa nusu, Mkatoliki mmoja na asiye Mkatoliki mmoja, ikaenda hivyo miaka kumi. Nakwambia hivi ili uone, sisi 2018 tulibadilisha kitambaa na wao walibadilisha nani anavaa kitambaa. Sisemi kule mambo yameisha, hapana, ila ukiniuliza ipi ya kuiga sitafikiri mara mbili.

Haya, na mwaka 2024 sasa, manake naona ndio unaomtesa mdogo wako bila yeye kujua. Kilichowashtua watu kwenye yale maandamano si wale wa bluu peke yao. Ni wale waliovaa jaketi za kawaida na boshori usoni, bunduki mkononi, wanashuka kwenye Subaru zisizojulikana, na baadaye vijana wakawa wanachukuliwa nyumbani na watu ambao familia haiwezi kusema ni polisi au ni nani. Tanzania wana neno lao, wasiojulikana, na likitajwa sokoni sauti zinashuka. Sasa sheria yetu ya polisi ya 2011 inasema wazi afisa akiwa na sare awe na jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana, si hisani hiyo, ni sheria, na Agosti 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri kwamba polisi wanaosimamia maandamano wavae sare, watambulike, wasifiche nyuso. Fikiria, karibu miaka 200 baada ya namba ya kola ya London bado tunaenda kortini kudai namba ya kifua.

Ndio maana siungi mkono wanaosema dawa ni polisi wavae kiraia waonekane wenzetu. Rylan Simpson, mtafiti mwingine, mwaka 2017 alionyesha watu picha za maafisa wale wale wakiwa na sare na wakiwa kiraia, wakitembea kwa miguu, wakiwa na baiskeli, wakiwa ndani ya gari. Wengi wangekisia sare itaonekana mbaya, kumbe aliyevaa sare ndiye alionekana mtu wa heshima na wa kufikika zaidi, na wa miguu na wa baiskeli wakaonekana vizuri kuliko aliyefungiwa kwenye gari. Mwingine, Jonathan Mummolo, 2018 alionyesha watu habari yenye picha za polisi, wengine wakaona polisi wa kawaida na wengine wakaona wale waliojazwa mavazi ya vita na gari la deraya. Walioona deraya hamu yao ya kutaka doria zaidi ya polisi ilipungua. Kwa hiyo sare yenyewe si adui wa mdogo wako. Adui ni kile kinachoongezwa juu ya sare na kile kinachofichwa chini yake.

Sasa yeye afanye nini, umeuliza. Mdogo wako hawezi kubadilisha historia ya tangu zile bohari za Mombasa na wala asijaribu kuhubiri. Kile kibao cha jina kifuani kisifunikwe na jaketi wala riflekta, na riflekta kama ni lazima basi jina lihamie juu yake, hata kwa kushonea mwenyewe kama kituo hakijatoa. Miwani nyeusi aivue akianza kuongea na mtu, jua kali au la, manake macho ndiyo kitu cha kwanza mtu anakitafuta akitaka kujua kama yuko salama. Asisimame na mkono juu ya bunduki wakati anaulizwa njia ya kwenda hospitali, wengi wanafanya hivyo kwa mazoea na hawajui kwamba mama wa watu anaona ule mkono tu. Asalimie yeye kwanza, na kama ni mzee anamjua amwamkie shikamoo na kofia mkononi, sheria haimkatazi adabu. Atembee kwa miguu pale inapowezekana, gari la doria linamfanya awe kioo na injini tu. Na pale mtaani kwao asiwe mtu wa kubadilisha nguo kwa siri kituoni ili arudi nyumbani kama raia kila siku, najua wengi wanafanya hivyo kwa usalama na sehemu nyingine ni lazima, lakini kama Nakuru kwenu kuko shwari basi mara moja moja apite na sare pale pale anapojulikana kwa jina, watu wazioanishe hizo sura mbili.

Jirani yangu alifanya hivyo na ilimchukua kama miezi minne. Kila asubuhi akitoka zamu anasimama kwa mama mboga, anavua kofia anaiweka juu ya viazi, anauliza mtoto ameendeleaje na ile malaria, analipa pesa kamili hata akikataliwa, anaenda. Mwanzoni mama mboga alikuwa anajibu kwa neno moja moja. Juzi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, yeye na sare yake yote, akachagua nyanya nne akataka kuongeza ya tano, mama mboga akampiga kofi la mkono, "Mama Neema, wewe unapenda vya bure sana, lete ishirini yangu hapa."